Vigoda Viwili Kwenye Matanga ya Mtemi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo si sauti ya watu walioshiba viazi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Rudisheni miguu nyuma kidogo, moto usiwaunguze, nami niwape kisa hiki kama nilivyokipata, bila kuongeza na bila kupunguza.

Hapo kale, kale ile ambayo watu walikuwa wakiwaita wanyama barazani na wanyama wakaitika, jambo hili lilianza siku ya Jumanne, saa tatu kasoro robo asubuhi. Msinicheke. Najua saa za ukutani hazikuwepo. Lakini ikulu ya Bukangala ilikuwa na Jogoo mmoja aliyewika kila saa, akapiga mbawa kila nusu saa, na akakohoa kila robo saa. Siku hiyo alikuwa amewika saa mbili, amekohoa, amepiga mbawa, na amekohoa tena. Hesabuni wenyewe. Ni saa tatu kasoro robo.

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya Mtemi Shilinde, mfalme wa nchi ile. Na katika nchi ile, Mtemi akifariki, watoto wake hukaa uani siku saba, kila mmoja juu ya kigoda chake. Kigoda cha miguu mitatu, ambacho sheria ilisema baba mwenyewe humchongea mtoto mwaka anaoanza kutembea. Siku ya saba, mwenye kigoda kilicho kikongwe kuliko vyote ndiye anayekuwa Mtemi, awe wa kiume, awe wa kike. Wengine hupata ardhi na mifugo kwa kadiri ya vigoda vyao. Asiye na kigoda hukaa chini na wageni, hana baba, hana ardhi, na matanga yakiisha anakwenda zake.

Uani kulikuwa na kigoda kimoja tu. Kilikuwa cha mpingo, kirefu shubiri mbili na vidole vitatu, kimezungushiwa shanga mia na arobaini, nyeupe na nyekundu kwa zamu. Juu yake alikaa Nyanzala, binti wa Mtemi na mkewe, Bibi Sayi, aliyetolewa mahari ya ng'ombe na kuchezewa ngoma siku tisa. Nyanzala alikaa wima, hajikuni, hapepesuki. Alikuwa peke yake, na alijua kwamba yuko peke yake, na hilo lilikuwa linamtosha.

Ndipo langoni ikasikika sauti ya mwanamke anayeimba. Nisaidieni kuitikia "Kichwani!"

Baba amelala, nifungulieni,
Sikuja na ng'ombe, sikuja na ngoma,
Nimekuja na kigoda kichwani.

Kichwani!

Mlinzi akachungulia. "We dada, umebeba nini?"

"Kigoda."

"Leo hatununui kitu. Tuna msiba."

"Siuzi. Nakuja kukikalia."

"Wageni wanakalia mikeka, iko tele."

"Mimi si mgeni, kaka. Naitwa Holo. Ni binti wa Mtemi Shilinde."

Jogoo alikuwa amefungua mdomo awike saa tatu. Akaufunga.

Holo akapita katikati ya uwanja. Alikuwa mwanamke mrefu, miguu imekauka kwa vumbi la safari ya siku mbili. Akakishusha kigoda chake, cha mti wa mninga, hakina shanga, hakina nakshi. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, basi alipokikalia kiliyumba: ko, ko, ko.

Nyanzala akageuza shingo. Akaitazama miguu ya mgeni, akakitazama kigoda, akautazama uso. Na usoni mwa mgeni akaona paji la baba yake, nyusi za baba yake, kidevu cha baba yake. Yeye mwenyewe alifanana na mama yake, na kila mtu alikuwa akimwambia hivyo. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nani kakwambia uweke gogo lako karibu na kigoda changu?" akauliza.

"Nimefuata nafasi, mdogo wangu."

"Mdogo wako nani? Mama yako ni nani?"

"Mbula, mfinyanzi wa bonde la Isanga."

"Alitolewa mahari ya ng'ombe wangapi?"

"Hakutolewa hata ndama."

"Mmh!" wakasema wanawake wa ikulu, wote kwa pamoja.

"Mmesikia wenyewe," akasema Nyanzala. "Mtoto wa nje. Basi akae nje."

Lakini Mwanangwa Kishosha, msemaji wa baraza, akanyanyua kidole. Alikuwa mzee mwembamba aliyetafuna kila neno kabla ya kulitoa, na akishalitoa analirudia. "Binti Mtemi," akasema, "sheria haitaji ng'ombe. Haitaji ng'ombe. Inasema mtoto ni yule aliyechongewa kigoda kwa mkono wa baba yake. Na huyu amekuja na kigoda. Anasema amezaliwa mavuno mawili kabla yako. Ikiwa ni kweli, kigoda chake ndicho kikongwe. Ndicho kikongwe."

Mnaona mambo hayo? Nyanzala alikuwa amekaa siku tatu akisubiri kuwa Mtemi, na sasa gogo linaloyumba limekuja kumwambia asubiri.

"Ikiwa ni kweli," akasema. "Basi nimuulize mambo matatu. Mtoto anamjua baba yake."

Sasa lazima niwaambie jinsi Nyanzala alivyomjua baba yake. Kila asubuhi alikwenda kumwamkia. Alisimama hatua saba kutoka kwenye ngozi ya simba aliyoikalia, akasema, "Umeamkaje, Mtemi?" Baba akajibu, "Nimeamka." Akageuka, akarudi. Basi. Miaka ishirini na miwili, asubuhi baada ya asubuhi, neno moja: "Nimeamka." Mtemi hakula mbele ya watu, alikula nyuma ya pazia la matete. Hakucheka mbele ya watu, kwa sababu waliamini Mtemi akicheka mvua hukimbia. Nyanzala hakuona ubaya wowote. Alidhani hivyo ndivyo baba walivyo.

"La kwanza," akasema. "Baba yangu alipenda chakula gani?"

Nyanzala alijua jibu. Kila siku aliona sahani za nyama ya fahali mweupe zikiingia nyuma ya pazia.

"Ukoko," akasema Holo.

"Nini?"

"Ukoko wa ugali wa mtama. Alikuwa anagombania chungu nami. Mama alikuwa anampiga mkono kwa mwiko, anamwambia, 'Mwachie na mtoto, mlafi wewe.'"

Watu wakashika midomo. Mtemi kupigwa kwa mwiko! Lakini mpishi mkuu wa ikulu, baba mmoja mnene, akakohoa kwa aibu. "Vyungu vilikuwa vinarudi vimekwanguliwa safi," akasema. "Miaka yote nilidhani ni panya. Hata mitego niliweka."

"La pili," akasema Nyanzala upesi. "Alikuwa analalaje?"

"Ubavu, magoti yamekunjwa. Na anaongea usingizini. Anaita ng'ombe kwa majina yao, mmoja mmoja, kama anawapeleka mtoni."

Watu wakamtazama Bibi Sayi, mjane wa Mtemi. Akainamisha macho. "Ni kweli," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeuliza.

"La tatu!" Hapo Nyanzala akatabasamu, maana huu ndio ulikuwa mtego wake. "Alikuwa anachekaje?"

Akangoja mgeni aanguke. Mtemi hacheki, kila mtoto wa Bukangala anajua.

Holo akafikiri kidogo. Kisha akaweka mikono mbavuni, akarusha kichwa nyuma, akacheka: "Ke-ke-ke-ke-keee! Ke-ke-ke-ke-keee!" Kama kanga aliyeona nyoka.

Nyuma ya ghala alikuwa amelala Mbwa wa Mtemi, aliyekuwa akifuatana naye safari zake zote. Tangu msiba uingie hakula wala hakunywa. Aliposikia kicheko kile akaruka, akakimbia uwanja mzima, mkia unapiga watu magoti. "Karudi!" akalia. "Karudi! Karudi!" Akafika langoni, akatazama njia kulia, akatazama njia kushoto. Akarudi polepole, akalala miguuni pa Holo.

Na Nyanzala moyo ukamchoma, ukamchoma, ukamchoma. Hakuwa tena anaufikiria utemi. Alikuwa anafikiria kwamba mbwa amekisikia kicheko cha baba yake, na yeye hajawahi.

Jumatano asubuhi, Jogoo alipopiga mbawa saa moja na nusu, Nyanzala alikwenda kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi.

"Hodi, Mchwa."

"Karibu, Binti Mtemi," wakajibu Mchwa, elfu kwa sauti moja. "Pole na msiba."

"Nimewaletea kazi. Uani kuna kigoda cha mninga, kinayumba. Kileni. Nataka kesho kiwe vumbi."

"Tukikila wewe unapata nini?"

"Hilo halikuhusuni."

Mchwa wakaenda chini kwa chini, wakatokea chini ya kigoda cha Holo, wakakionja, wakarudi. Safari yote haikuzidi muda wa kuchemsha maji.

"Hakiliki," wakasema.

"Kwa nini hakiliki? Mninga mnakula kila siku!"

"Mninga tunakula. Huu umepakwa samli. Umepakwa nje, umepakwa ndani ya nyufa, umepakwa chini kwenye miguu. Na si mara moja. Ladha yake imeingia tabaka juu ya tabaka, kila mwezi tabaka moja, miaka ishirini na zaidi. Aliyekipaka ana kidole gumba kipana. Alama zake zimo."

Nyanzala akahesabu miezi. Kila mwezi ulipoandama, Mtemi Shilinde alikuwa anakwenda safari ya siku tano. Ikulu ilisema anakwenda kukagua ng'ombe.

"Tukuambie kingine?" wakasema Mchwa. "Wewe ni mtu mwema, hukutukanyaga ulipokuja. Kigoda chako wewe kingelika kwa mlo mmoja. Hakuna aliyekipaka kitu."

"Nyamazeni!"

"Tumenyamaza," wakasema Mchwa, na kweli wakanyamaza, elfu kwa mara moja.

Alhamisi, Nyanzala alijiambia kwamba hatamsemesha yule mwanamke. Akajiambia mara ya kwanza, akajiambia mara ya pili, na alipojiambia mara ya tatu tayari alikuwa ameshasimama mbele yake. Holo alikuwa anachambua kunde na wanawake wa jikoni, maana hakuweza kukaa mikono mitupu.

"Alikuwa anakuja na nini?" akauliza Nyanzala. "Kila mwezi. Alikuwa anakuletea nini?"

"Hana cha kuleta yule! Anakuja na njaa tu," akasema Holo, akacheka kidogo. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Kaa, mdogo wangu."

"Sikai. Nijibu."

"Alikuwa anafika amejitanda ile ngozi yake ya simba, anaivua, anaining'iniza kwenye mti wa kuanikia vyungu. Anavaa nguo ya kuazima ya mjomba wangu. Anakanyaga udongo wa mama. Jioni tunaimba." Holo akapukusa maganda mapajani. "Na alikuwa anakutaja."

Nyanzala akahisi masikio yanapata moto. "Mimi?"

"Wewe. Alikuwa anasema, 'Kule nyumbani nina mwingine. Anatembea kama korongo, hatua ndefu, shingo juu. Kila asubuhi anakuja kuniamkia, nami namtazama akiondoka mpaka apotee kwenye kona ya ghala.'"

Mngedhani neno hilo lingempoza. Halikumpoza. Lilimzidishia.

"Amekwambia wewe," akasema Nyanzala. "Maneno yangu mimi, amekwambia wewe. Mimi aliniambia 'Nimeamka.' Hata sifa zangu ulizipokea wewe! Umeniachia nini?"

"Nyanzala, mimi sikuja kukunyang'anya. Nimekuja kukaa matanga. Nisipokaa, mimi sina baba, na bonde la Isanga litachukuliwa. Mama yangu ni mzee. Atafinyanga wapi?"

"Afinyange alikokuwa anafinyanga kabla hajamwona baba yangu."

Akaondoka kwa hatua ndefu, shingo juu. Halafu akakumbuka alivyoambiwa kwamba anatembea kama korongo, akafupisha hatua, na akashindwa kujua atembeeje.

Akaenda moja kwa moja kwa Mwanangwa Kishosha. "Nataka vigoda vipimwe," akasema. "Vyote viwili, mbele ya watu. Aitwe Kigong'ota. Yeye anajua miti na anajua mikono iliyoichonga. Aseme mbele ya watu wote kwamba kile ni cha kuokota."

Kishosha akalitafuna hilo muda mrefu. "Una hakika, Binti Mtemi? Una hakika?"

"Nina hakika."

Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, Kigong'ota akafika. Alikuwa ndege mwenye kofia nyekundu na maringo mengi. Akatua juu ya chungu, akasafisha mdomo, upande huu na upande huu.

"Nani kanitoa kwenye mti wangu?" akauliza.

"Mimi," akasema Nyanzala. "Anza na hicho kinachoyumba."

Kigong'ota akarukia kigoda cha Holo. Akagonga juu: ko. Akagonga ubavuni: ko. Akakipindua, akagonga chini: ko. Akaweka sikio, akatikisa kichwa.

"Kazi mbaya," akasema. Watu wakacheka, na Nyanzala akacheka kuliko wote. "Kazi mbaya sana. Aliyechonga hiki hakuwa fundi. Tezo lilikuwa butu. Hapa alikosea, akarudia. Hapa akakosea tena. Mguu huu aliupunguza ili ulingane na ule, ukapungua mno. Na ngojeni... mapigo yote yanatoka kushoto. Mtu huyu alikuwa mashoto."

Kicheko kikakatika. Mtemi Shilinde alikuwa mashoto. Alipokea fimbo ya utemi kwa mkono wa kushoto, nchi nzima ikiona.

"Na hapa chini," akaendelea Kigong'ota, "kuna doa la damu, ndani kabisa ya mti. Tezo lilimponyoka likamkata kidole gumba, upande wa nje, kovu la urefu wa punje mbili za mahindi."

Watu wote wakamgeukia Mwimbaji wa Ikulu. Kwa maana kovu lile la kidole gumba alikuwa akiliimba kila sikukuu: jinsi Mtemi alivyopigana na chui wa Mlima Ngasa, jinsi chui alivyouma, jinsi chui alivyokufa. Mwimbaji akatazama ngoma yake. "Mimi niliambiwa chui," akasema. "Nami niliambiwa tu."

"Sasa kile cha shanga," akasema Kigong'ota.

Mkono wa Nyanzala ukashika ukingo wa kigoda chake. Lakini ni yeye aliyetaka. Akasimama. Kigong'ota akagonga juu, akagonga ubavuni, akagonga chini.

"Aa! Hapa nimefurahi. Hii ndiyo kazi. Tezo kali, mkono mtulivu, hakuna pigo lililopotea. Fundi bora kabisa. Mapigo yanatoka kulia."

"Rudia," akasema Nyanzala.

"Kulia."

"Rudia!"

"Binti, hata nikirudia mpaka jua lizame, mkono uliochonga hiki ni wa kulia. Si mkono wa mtu yule."

Bibi Sayi akainuka kutoka kwenye mkeka wa ujane. "Nilimwomba," akasema. "Ulipoanza kutembea, mwanangu, nilimpelekea gogo la mpingo. Akalishika, akaligeuzageuza, akafurahi. Baraza likaja mbio. Wakamwambia Mtemi hashiki jembe, Mtemi hashiki tezo, Mtemi hashiki mwiko, mikono ya Mtemi ni ya fimbo peke yake. Wakamnyang'anya. Wakampa fundi."

"Ndivyo ilivyo," akasema Kishosha, jasho limemtoka. "Ndivyo ilivyokuwa siku zote."

"Siku zote?" akauliza Kigong'ota, na kabla hajazuiwa akaruka mpaka kwenye nyumba ya vigoda vya kale, ambamo vilihifadhiwa vigoda tisa vya watemi tisa. Kutoka ndani watu wakasikia: ko. Ko. Ko. "Hiki si cha baba yake!" Ko. "Wala hiki!" Ko. "Wala hiki!"

"Mtoeni huyo ndege!" akapiga kelele Kishosha, na kwa mara ya kwanza hakurudia neno.

Hivyo ndivyo ilivyojulikana, ndugu zangu. Wakubwa wa Bukangala walikuwa na sheria mbili, moja ikimtaka Mtemi achonge na nyingine ikimkataza kushika tezo, na kwa vizazi tisa hakuna aliyeziweka pamoja akazitazama. Katika nchi yote, tangu nchi iwe nchi, mtoto mmoja tu wa Mtemi alikuwa na kigoda halali. Na mtoto huyo alizaliwa nje.

Saa kumi alasiri siku hiyohiyo, Kishosha na wazee wawili wa baraza wakamkuta Nyanzala peke yake kwenye kona ya ghala.

"Binti Mtemi, pole," akasema Kishosha. "Pole. Sisi tumekaa, tumeona njia. Kesho ni siku ya saba. Asubuhi, mbele ya watu, wewe sema neno moja tu: ndege amesema uongo. Sisi tutasema ni kweli, ndege amesema uongo. Watu watafuata. Wanataka matanga yaishe waende makwao."

"Na yeye?"

"Atarudi kwao. Au asirudi, maana bonde la Isanga litakuwa lako. Utaamua mwenyewe."

"Hatakanyaga hapa tena?"

"Hatakanyaga tena. Hatakanyaga."

Sitawadanganya. Nyanzala alilitaka. Alilitaka kwa moyo wote, kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Akamwona akilini Holo anapanda kilima na gogo lake kichwani, anakuwa mdogo, anakuwa mdogo, anakuwa hayupo. Akaona utamu. Kisha akaona kitu kingine, kikamsimamisha pale pale: huyo anayepanda kilima haendi peke yake. Anakwenda na nyusi zile. Anakwenda na jioni zote, na vyungu vyote, na kila neno alilosema mtu aliyekuwa akivua ngozi ya simba. Anakwenda na baba. Na yeye Nyanzala atabaki amekalia ngozi, amezungukwa na watu walio hatua saba mbali.

"Mwanangwa," akasema, "nitasema kesho."

"Vizuri," akasema Kishosha. "Vizuri."

Kesho yake, Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, Jogoo akiwa ndiyo kwanza amekohoa, Nyanzala alitoka nyumbani kwa mama yake. Watu walikuwa wamejaa uani mpaka juu ya ukuta. Baraza limekaa mstari. Holo amekaa juu ya kigoda chake, na hakikuyumba kwa sababu alikuwa ameikaza miguu kwa hofu.

Nyanzala hakwenda kwenye kigoda cha shanga. Alikipita. Kishosha akamwashiria kwa nyusi, na yeye akampita Kishosha. Akafika mbele ya Holo, akapiga magoti mavumbini, magoti yote mawili, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa wake.

"Shikamoo, dada," akasema, na alilisema kwa sauti ya kufika ukutani.

Wale waliokuwa karibu wakapiga magoti. Wale wa nyuma wakaona wa mbele wamepiga, nao wakapiga. Ukuta ukabaki bila mtu. Mwisho wakabaki baraza peke yao wamekaa, na mtu hawezi kukaa nchi nzima ikiwa imepiga magoti, basi nao wakashuka, mmoja baada ya mwingine, magoti yanalia.

"Marahaba," akasema Holo. Machozi yakamwanguka mapajani. "Marahaba, mdogo wangu. Inuka."

"Siinuki bado. Kwanza nisikilize." Nyanzala akainua uso, na wivu ulikuwa umo humohumo machoni, haujaondoka hata chembe. "Utemi ni wako, bonde ni la mama yako, sitaki kusikia tena habari ya vigoda. Lakini na mimi ni mtoto, na mimi nina urithi, nao uko kwako. Miaka ishirini na miwili ulikaa naye, na mimi nilikuwa naambiwa amekwenda kukagua ng'ombe. Nataka siku zangu. Kila siku utanipa moja, yote, tangu alipofika mpaka alipolala. Usiruke kitu. Ukiruka nitajua."

"Nitakupa," akasema Holo.

"Basi sogea."

Holo akasogea kidogo. Nyanzala akaketi chini pembeni yake, akakunja miguu, akakung'uta vumbi magotini, kwanza goti la kulia kisha la kushoto. Nchi nzima ilikuwa inangoja Mtemi mpya aseme neno lake la kwanza.

"Waache wangoje," akasema Nyanzala. "Anza."

Nami hadithi yangu naiachia hapohapo, walipokaa wale wawili. Ikiwa tamu, chukueni mkalale nayo. Ikiwa chungu, niachieni mimi.